Kiti Nilichomng'arishia Mama

Jumanne. Mtanda, Lindi.

Mvua leo inanyesha na kuacha, inanyesha na kuacha, na hakuna aliyeleta gari kuoshwa. Nimekaa bure kutwa nzima. Mtu akikaa bure anafikiri, na mimi sitaki kufikiri.

Mama amelazwa, hii siku ya sita. Amevunjika nyonga.

Wanaokuja kumwona wanasema ni utu uzima, ni kudra ya Mungu. Naitikia tu. Sijamwambia mtu kwamba ni mimi.

Mama ana magoti mabovu, hawezi kuchuchumaa kutawadha. Nikamnunulia kiti cha plastiki cha mtumba, chenye mikono, kimefubaa kabisa. Nami si ndiye fundi wa kung'arisha? Nilikisugua kwa shampuu ya magari, kikikauka nikakipaka ile dawa ya dashibodi, mara mbili, mpaka kwenye kikalio. Kikawa kama kimetoka dukani. Majirani wakasifu, nikavimba kichwa.

Kazini tunajua: dawa ile haipakwi kwenye usukani wala pedeli, inateleza. Kila mgeni anayeanza kazi ni mimi ninayemkanya.

Kwa mama yangu sikukumbuka.

Alasiri ile aliketi uani, akajimwagia maji, akainama kuosha mguu wa kulia. Nilikuwa jikoni. Nilisikia kopo likianguka, halafu yeye.

Jana nilimpelekea uji. Hata shikamoo yangu hakuitikia kwanza.

"Zuhura, kiti changu hakikuvunjika?"

"Kizima, mama."

"Alhamdulillahi. Usije ukamwazima mtu. Nikirudi nitakikalia."

Nilikwenda nyuma ya wodi nikalia mpaka nikaona aibu mbele ya wafagiaji.

Niliporudi nyumbani jioni hii nimekisugua kile kiti kwa sabuni, kwa majivu, kwa mchanga. Kimekwaruzika, lakini maji bado yanakimbia juu yake. Nikawaza nikitupe, niseme kimeibwa. Ndiyo, nimewaza hivyo, na nilishafika nacho mlangoni.

Kilichonirudisha ni kwamba namjua mama. Nikimwambia kimeibwa, atanishika mkono pale kitandani, na nyonga yake imevunjika, anipe pole mimi.

Pole hiyo sitaiweza.

Kesho nitamwambia, kabla hajashika kikombe cha uji.