Jina la Mchimba Kisima

Mjukuu wangu Mwanamisi,

Mimi nyanya yako sijambo, goti tu ndilo linalonikumbusha umri. Shangazi yako wa Shimoni amejifungua salama mtoto wa kiume.

Umeniuliza baba yako alilipata wapi jina la Brunkweil, maana huko Ujerumani umemkuta mama mmoja tu mzee mwenye jina hilo, hana mtoto, naye anadhani nyinyi ni damu moja. Si damu moja.

Mwaka ule wa uhuru, Mjerumani aliyetuchimbia kisima hapa Msambweni alikuwa akifunga mizigo arudi kwao. Babamkwe wangu akamuuliza, "Bwana Brunkweil, una watoto?"

"Sina."

"Basi jina lako likiitwa, nani ataitika?"

Yule bwana alicheka, kisha akaendelea kufunga mizigo yake.

Baba yako alipozaliwa, siku ya saba babamkwe akampa jina lile. Mimi nilitaka jina la marehemu baba yangu, nikanuna arobaini nzima ya uzazi. Wala hatukujua kwamba kwa wenzetu hilo ni jina la ukoo mzima. Sisi tulidhani tunalitunza jina la mtu mmoja.

Baadaye ami yako wa Waa akampa mwanawe jina la baba yako, na sasa shangazi yako naye amefanya vivyo hivyo.

Nisalimie huyo mama. Mwambie Brunkweil wa Waa yuko hapa kwangu. Ninamwita tangu asubuhi aje aoge, naye kajificha, haitiki.

Nyanya yako,
Mwanasha