Mabani Ishirini na Manne

Jumatatu, 13 Januari 1975

Ofisini tangu saa moja. Mashine ya kukokotoa imekwama tena, nikamalizia kwa penseli. Bima ya mabani iko tayari. Kila mkulima wa tumbaku anachangia mfuko. Bani lake, yaani banda la kukaushia majani, likiungua, analipwa. Mfuko unamudu mabani matatu kwa msimu. Kijiji kina ishirini na manne. Uwezekano wa kuungua zaidi ya matatu ni mdogo mno, hata meneja alicheka. Kurasa sita za nadharia, hakuna kosa. Leo nimejiona mtu.

Jumatano, 15 Januari

Mjomba Mihayo, kaka yake mama, amekuja toka kijiji hicho hadi kwangu mjini, mtaa wa Chemchem, kwa baiskeli. Ameuza ng'ombe wake wawili alipe mchango. Kanuni ya hesabu zangu haijui. Anachojua ni kwamba imeandikwa na binti wa dada yake. Nilimpikia chai na mihogo. Nilijivuna, nisijidanganye.

Ijumaa, 24 Januari

Mzee Salum wa masijala ananiudhi. Kila karatasi yangu lazima aisome. Leo kasimulia habari za babu yake, aliyepeleka pembe za ndovu pwani enzi za misafara. Hakupakia mali yote katika msafara mmoja hata siku moja. Nyingine leo, nyingine mwezi ujao, nyingine na mzigo wa jirani. Nikamwambia hayo ya wapagazi, mimi nimetoka Chuo Kikuu. Akasema, "Haya, bibie." Akarudi kwenye mafaili yake.

Jumanne, 4 Februari

Nimekwenda kijijini kwa Landrova ya ofisi. Mara ya kwanza.

Zamani kila mtu alijenga bani shambani kwake, mbali na mwenzake. Takwimu zangu ni za zamani hizo. Tangu watu wahamie kijiji kipya, mabani yamepangwa mstari mmoja, kwa amri, ili wakaguzi wapendezwe. Paa za nyasi karibu zigusane. Na mimi nilizidisha uwezekano wa hili kwa uwezekano wa lile, kana kwamba kila bani litaungua peke yake. Kuzidisha nilizidisha sawasawa. Ila sikuja kutazama.

Babu yake Salum angeona hapo hapo.

Alhamisi, 6 Februari

Nimemwambia meneja. Amesema hesabu zimeshafika Dar, zimesifiwa, tusitie watu hofu kabla ya mavuno. Ningeweza kwenda kwa Mjomba mwenyewe. Sikwenda. Naona aibu.

Jumamosi, 1 Machi

Mvua imekata wiki mbili sasa. Moto wa kukaushia unawaka katika mabani yote, mchana na usiku. Upepo.

Jumatatu, 3 Machi

Yameungua. La kwanza saa nne asubuhi. Kufika adhuhuri, yote ishirini na manne.

Mjomba mzima. Tumbaku yake imekwisha. Mzee Salum ndiye aliyeniletea habari. Hakunikumbusha kitu. Afadhali angenisimanga.

Alhamisi, 13 Machi

Meneja ameniagiza nigawe mfuko. Pesa za mabani matatu, watu ishirini na wanne. Kila mmoja sehemu moja ya nane ya alichoahidiwa. Hesabu ya darasa la nne.

Jumapili, 16 Machi

Mimi mwenyewe nimempelekea Mjomba fungu lake. Halifiki hata bei ya ng'ombe mmoja. Shikamoo yangu aliipokea kama siku zote. Nikamweleza yote, na kwamba nilijua tangu Februari. Aliendelea kuchonga mti.

Anajenga bani jipya, nje ya mstari. Mwenyekiti wa kijiji amekasirika. Mjomba alinionyesha kigingi alichosimika pa kujengea, akaniomba nihesabu hatua mpaka kwenye bani la jirani. Sitini.

"Kwa hesabu zako, mwanangu, zinatosha?"

Nikamwambia sijui. Akakitazama kigingi, akaking'oa. Tukaongeza hatua nyingine ishirini, tukihesabu wote wawili.