Aliitika kwa Mhindi

Mami,

Usishangae kuona nimeshika kalamu. Shule niliiacha mapema, unajua, na herufi zangu zinalala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Lakini kule Ngoliba kwa kaburi lako siwezi kuongea. Nikifungua mdomo tu, akina mama wa kanisa wananizunguka, nyamaza, nyamaza, Mungu anajua. Anajua, ndiyo. Na mimi je?

Nimekukasirikia. Nani alikuambia ufe? Homa kidogo, wakakuwekea maji ya mshipa, ukaniambia kwa simu, "Mama, usije, kesho natoka." Kesho yake nikapigiwa nikiwa ninakamua ng'ombe. Mtoto ndiye anayemzika mzazi. Wewe ulipindua mambo, na hukuniuliza.

Bado nakuita Mami. Nilikupa jina la mama yangu, Wambui, na kwetu mwenye jina la mama yako ni mama yako. Tangu ukiwa mgongoni sikukuita kitu kingine. Hata nikikuchapa nilikuwa nasema, "Mami, simama hapo!" Na wewe unakimbia.

Sasa sikia. Mtoto wako hali chakula.

Niko hapa Ruiru kwa nyumba yako. Ng'ombe nilimwachia jirani, nikaja ili Nyambura asitolewe shuleni. Napika. Githeri, anaangalia. Wali na nyama, anaangalia. Chapati nimesukuma mpaka mabega yakakataa, anaangalia tu, kama mtu amewekewa sahani ya mgeni mwingine. Chai anakunywa nusu kikombe. Nikimwita hageuki. Ulimpa jina langu, basi mimi nashinda nikilia jina langu mwenyewe kwa hii nyumba, Nyambura! Nyambura! kama mwendawazimu, na hakuna anayeitika. Mwalimu wake anasema hata darasani ni hivyo. Sketi ya shule nimeibana na pini. Nikimwogesha naona mbavu, Mami. Mbavu.

Kaka yako Kamau alikuja kutoka Kahawa Sukari, akakaa pale kwa kiti chako na viatu vyake vya kung'aa. "Mama, umezeeka. Shule zikifungwa namchukua Nyambura. Kwangu kuna watoto wenzake, atakula." Nilimfukuza na mwiko. Nilimwambia aende akalee hicho kitambi chake. Lakini alipotoka nililia, kwa sababu kama anasema kweli je? Nililea nyinyi wote, hakuna aliyenikatalia chakula. Huyu mmoja ananishinda. Na nikimpeana, nitabaki na nini chako? Nguo?

Jumamosi ndiyo nikakumbuka kwa Mhindi. Ile hoteli ya Thika uliyokuwa unatupeleka kila mwisho wa mwezi. "Mama, leo hupiki." Na mimi nalalamika tangu mlangoni, ati sukumawiki ninalisha mbuzi, hawa wanaisaga wanaiita chakula cha wageni. Ati jibini yao inajifanya nyama. Ile siku ya kwanza niliombea chakula mpaka ule mkate wao, naan, ukapoa, nikaombea na mwenye hoteli aokoke, naye mama wa watu amesimama hapo kando na mtandio wake, ameinamisha kichwa kwa heshima. Wewe ulinifinya chini ya meza. "Mama, Mungu amesikia, kula!" Lakini zile ndengu zao nyeusi, zilizopikwa na siagi, sikuwahi kuzitukana. Zilinikumbusha njahi, yale maharagwe meusi niliyokupikia ulipozaa huyu mtoto. Sikukuambia. Ungeringa.

Basi nikamvalisha, tukaenda. Kwa mlango nilitaka kurudi. Harufu ile ya vitunguu na tangawizi ilikuwa ya siku zetu na wewe. Nilikuwa tayari kumvuta mkono tuondoke, kisha yule kijana Mluhya anayehudumu, Barasa, akatuona.

"Aaa, Mami! Mami mwenyewe! Mmetupotea hivi, ama siku hizi mnatuona wanyonge?"

Na mtoto wako akageuka. Akainua kichwa. "Niko," akasema.

Mimi nikasimama kama mti. Barasa hajui kama anaitwa Nyambura. Yeye anajua lile jina alilosikia ukiita pale mezani, Mami usimwage maji, Mami toa kiwiko. Kwa sababu ulimpa jina langu, naye akawa mama yako vile wewe ulikuwa wangu. Nilisikia ukimwita hivyo kila siku na sikuweka maanani. Tangu tukuzike, hakuna mtu amemwita hivyo. Mimi, Kamau, mwalimu, majirani, wote tunamwita jina la kwenye rejista. Tumemwita kama mtoto wa watu.

Zikaletwa ndengu nyeusi na naan moto. Akakata naan kwa mkono mmoja tu, vile ulivyomfundisha, ule mwingine ameuweka mapajani kama mtoto wa Wahindi. Akachota. Akala. Mami, alikula! Niliogopa kupumua asije akaacha.

Halafu Barasa akaleta sahani ya tatu. "Na mamako yuko wapi? Amebaki sokoni?"

Nikajifanya napanga vijiko. Mimi, ambaye hata chifu anajua mdomo wangu. Ni mtoto aliyejibu, na chakula mdomoni. "Mama alikufa. Tulimzika kwa Cucu huyu."

Hakuwa ameyasema hayo hata siku moja. Akaendelea kutafuna huku analia, machozi na makamasi yanaingia kwa ndengu, na hakuacha kula. Barasa alibaki amesimama na ile sahani, hajui aiweke ama airudishe. Mama mwenye hoteli akatoka kwa kaunta. Alivuta kiti chako akakaa. Nilitaka kumwambia toka hapo, kuna mwenyewe. Sikumwambia. Alinikatia kipande cha naan akanipa mkononi, nami nikala bila kuomba.

Jumapili, nyumbani, yakawa yale yale. Sahani, macho, sahani. Na sasa nilikuwa najua dawa. Nilisimama kwa mlango wa jikoni nimuite. Neno likakwama. Nikatoa kikohozi. Akanitazama kidogo, kisha akarudia sahani yake, na chakula kikaenda kwa mbwa wa jirani.

Unaniuliza ni nini kilinizuia? Jina ni lako! Nililitoa kwa mama yangu nikakuvika wewe, na wewe ukaenda nalo. Nikimpa huyu, wewe nitakuita nani? Halafu si desturi. Yeye ndiye mimi, ana jina langu. Nikimwita mama, wale wanawake wa Ngoliba watacheka mpaka waanguke. "Nyambura amejizaa!" Wacha wacheke. Wao hawajaona mbavu.

Kwa hivyo sikuombi, Mami. Mimi ni mama yako, nakuambia. Lile jina nalichukua. Usinishikie. Najua litanikata ulimi mara ya kwanza na ya pili. Na kama hataitika? Kama anataka sauti yako pekee, ama ya yule Mluhya? Basi Kamau akija shule zikifungwa sitakuwa na mdomo wa kumkataza, nitamfungia mtoto nguo mwenyewe, nirudi Ngoliba nikakae kando yako mpaka ninyamaze kabisa. Lakini kabla ya hapo nitaita. Nakuahidi. Nitaita asubuhi na jioni, nitaita mpaka majirani wagonge ukuta.

Ndiyo hii mara ya mwisho nakuita hivyo wewe. Mami. Mami wangu. Lala, mama. Ulinisumbua, ulinilisha, ulinifinya chini ya meza, na sijui nitafanya nini.

Uji umeiva. Amekaa pale mezani amenipa mgongo. Naenda kumwita.

Kwaheri, Wambui.

Mama yako,
Nyambura