Dirisha la Chumba cha Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, pokea salamu kutoka huku Mbulumbulu. Naomba unisaidie kwa sababu nimechoka, na nikisema nimechoka sisemi uchovu wa jembe, huo niliuzoea tangu nikiwa kwetu Qurus, nasema uchovu wa nyumba isiyoisha.

Mume wangu Julius ni dereva wa watalii, msimu ukipamba moto tunamwona nyumbani kwa kupita tu, kwa hiyo mimi ndiye msimamizi wa ujenzi, mimi ndiye ninayemwagilia kuta maji na kumpikia fundi, na nyumba yenyewe tuliianza kwa ajili ya mama yake, Mama Antonia, ambaye bado anakaa kwenye nyumba ya zamani ya udongo hapo hapo uani, bati linavuja na kifua kinambana kila baridi ikiingia, na Julius alimwahidi mbele ya wajomba zake kwamba atahamia nyumba ya tofali angali anatembea kwa miguu yake mwenyewe.

Ramani ya kwanza ilikuwa nyumba ya kawaida tu, ila mume wangu kila lodge anayofikisha wageni anarudi na dirisha lake kichwani. Alipotoka kwenye lodge moja iliyokuwa nyumba ya walowezi wa kahawa, akataka madirisha ya sebuleni yawe ya upinde, fundi Piusi akabomoa akajenga upinde, alipotoka kwenye nyingine akataka kona ya mbele iwe ya duara, ikawa ya duara na bati likakataa kukaa sawa mpaka leo, kisha akaona ya vioo vitupu kuanzia sakafuni akatuma picha kwenye simu, na mimi kila mara nasema sawa, baba, kwa sababu yuko barabarani na sitaki aendeshe gari na hasira. Ukiitazama nyumba yetu kutoka njiani utafikiri imejengwa na watu wanne wasiosalimiana.

Yote hayo nilivumilia, mshauri. Kilichonishinda ni chumba cha mama. Kilikuwa kimekwisha, kina dirisha dogo na plasta imekauka, tunasubiri kupaka rangi tu, Julius akapiga simu akasema ukuta wa upande wa bonde uvunjwe wote, pawekwe kioo ili mama akiamka aone bonde lote mpaka chini. Nikamwambia upande huo ndiko upepo unakotokea na ukungu wa mwezi wa saba anaujua. Akanijibu kwa upole kabisa, "Aneth, wageni wanavuka bahari kuja kuona kile mama anachokiona bure. Kwa nini nimfungie ukutani?" Nikasema sawa.

Ukuta ukavunjwa. Fremu za aluminiamu hazikuja kwa wakati, baridi ikaingia, turubai tuliloweka likapasuliwa na upepo, na mama akaendelea kukohoa kwenye nyumba yake ya udongo. Siku moja nilimsikia akikohoa mpaka akashindwa kumaliza kuita mbuzi, nikaenda kwa Piusi nikamwambia aurudishe ukuta, aweke dirisha dogo kama lilivyokuwa, na Julius asiambiwe. Ukuta umerudi. Julius akiomba picha namtumia zile za zamani zenye tundu, namwambia bado tunasubiri fremu.

Nilidhani angalau mama atahamia. Nilimpelekea habari kwa furaha, nikamwambia chumba kiko tayari na ukuta umekauka, akaniuliza kama mwanawe anajua. Nikamwambia bado hajui. Akasema, "Siingii chumba kilichojengwa kwa kujificha. Nyie mkigombana, mimi ndiye nitakuwa sababu." Basi amebaki kule kwenye bati linalovuja, anakohoa, chumba kiko kitupu, na Julius anarudi wiki hii wageni wake wakishaondoka. Nimwambie fundi avunje tena kabla hajafika, au nimwache ajionee mwenyewe na liwalo na liwe?

Aneth, Mbulumbulu.

JIBU

Aneth, pole sana. Kusimamia ujenzi wa mtu anayetuma maagizo akiwa njiani ni kazi ya kuzeesha. Nimesoma barua kama yako nyingi kiasi kwamba siku hizi nikiona neno ramani natafuta kiti kwanza.

Sasa nikugombeze. Kumrudishia mama ukuta hukukosea hata kidogo. Ulikosea kwenye zile sawa zako. Ulisema sawa kwa upinde, sawa kwa duara, sawa kwa kioo, halafu ulipofika mwisho wa uvumilivu ukaanza kutuma picha za uongo. Mumeo anajenga na mwanamke ambaye hajawahi kumpinga zaidi ya sentensi moja. Atajuaje kama umechoka?

Kuhusu mumeo, hebu jiulize jambo ambalo naona hamjaliongea. Madereva wakifikisha wageni lodge hawalali kwenye vyumba vya vioo. Wanalala nyuma, kwenye vyumba vya madereva, ukuta mzito na kidirisha cha kutosha kichwa. Vile vya vioo Julius ameviona akipokea mabegi tu. Hajawahi kuamka ndani yake ukungu ukiwa umelala kwenye kioo. Mgeni anawekewa chupa ya maji ya moto kitandani, anawashiwa moto, anatandikiwa mablanketi mpaka anashindwa kugeuka, na keshokutwa anaondoka. Mama Antonia haondoki. Atakaa na upepo huo mwezi wa sita, wa saba na wa nane, mwaka huu na mwakani.

Lakini usimcheke, na usimwite mshamba. Mwanamume anayebeba mabegi ya watu kila siku ametamani mama yake naye atunzwe kama wao. Huo ni upendo, ila ameupeleka kwenye ukuta usiofaa. Anzia hapo mtakapozungumza, maana ukianzia kwenye gharama na usumbufu atajitetea na mtalala mmepeana migongo.

Basi sikiliza. Piusi asivunje tofali hata moja. Leo hii, si siku atakapofika, mpigie Julius akiwa ameegesha gari, mwambie ukuta umerudi, mwambie ni wewe uliyeagiza na kwamba zile picha zilikuwa za zamani. Atafoka. Mwache afoke, wewe usiseme sawa, sema sababu: mama anakohoa na upande huo ni wa upepo. Usimtangulize fundi kukusemea, na mama usimtaje kama shahidi.

Kioo chake kikubwa mpeni mahali, kwa sababu mtu akinyimwa kila kitu hujenga kwa hasira. Fremu zikija ziwekwe sebuleni upande wa jua la mchana, ambako upepo haufiki, nyumba itapata joto na yeye atapata cha kuonyesha marafiki zake. Madirisha mengine yote ya mbele yafanane, mchague upinde au mraba, na huo uwe mwisho. Ile kona ya duara iacheni, ila bati lake liitieni fundi wa kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kabla ya mvua. Na akirudi na picha nyingine, mwambie simu ikae mfukoni mpaka rangi ikauke.

Limebaki moja, na hili nilikuwa nikilitafuta kwenye barua yako yote. Umeniambia Julius anataka mama aone nini. Umeniambia wewe unataka mama akingwe na nini. Hakuna aliyemuuliza mama mwenyewe anataka dirisha lake litazame wapi. Kazi hiyo si yako, Aneth. Ni ya mwanawe, na aifanye akiwa amekaa naye, si kwa simu.

Mama amesema haingii kwa kujificha, na ana haki. Kwa hiyo usimbembeleze tena, wala usimhamishe wewe. Siku Julius akifika, kabla hajakagua ukuta, mwambie aende kwenye nyumba ya udongo, abebe godoro la mama yake mwenyewe, amshike mkono, waingie wote wawili. Kisha akae humo ndani naye, angalau mpaka chai ipoe, amsikie anavyokohoa.

Shangazi Petronila