Mizimu ya Salem Itatusubiri

Babu,

Supu iko jikoni, ipashe moto polepole. Dawa ya goti umeze baada ya kula, si kabla. Na lile boga la kuchonga liingize ndani, kindi wameshaanza kulitafuna.

Asubuhi nilikukosea. Nilikuletea habari ya nyumba ya wageni yenye mizimu kule Salem, mji wa hadithi za wachawi, nikijua utafurahi, nawe ukasema, "Mjukuu wangu, mimi mwenyewe karibu nitakuwa mzimu, nikalipie kuwaona wenzangu?" Nilicheka, kisha nikaumia, nikabamiza mlango. Katikati ya mwezi ujao naanza kazi mbali, Oregon, na Halloween hii, usiku wa mizimu, nilitaka tuwe pamoja, mimi na wewe tu.

~~Basi nitaenda peke yangu.~~ Hiyo nimeifuta, usiisome.

Halafu nikatafuta sukari kabatini. Nyuma ya shayiri nikakuta mifuko kumi na miwili ya pipi, na juu yake kofia ya kichawi ya marehemu Bibi, imepigwa brashi. Babu, si ungesema tu kwamba unataka kuwafungulia mlango watoto wa mtaa wanaopita kuomba pipi usiku wa Halloween, kama Bibi alivyofanya kila mwaka?

Nimepiga simu Salem. Tutaenda wikendi inayofuata Halloween. Mwenye nyumba amesema mizimu yake haina haraka. Leo narudi saa kumi na moja, tuchonge boga.

Pipi nimekula ~~mbili~~ nne. Jumamosi, watoto wakija, kofia uivae wewe. Bakuli la pipi nitashika mimi.

Mjukuu wako wa hasira za karibu,
Linnea