Ukoo wa Kuku

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu na watoto. Natumaini kile kikohozi kimekwisha. Huku hatujambo, shemeji yako anakoroma kama kawaida yake, na cherehani yangu bado inalia. Usishangae herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, ndizo ninazoziona. Naomba tu usome mpaka mwisho kabla hujaichana.

Kwanza habari ya hospitali. Daktari wa macho amenipa majibu ya damu. Kumbe marehemu baba hakuwa mtulivu kama tulivyodhani! Tulimwita Kuku, maana jua likizama tu yuko bandani, na tulipokua wenyewe tukajiita ukoo wa kuku. Daktari anasema ni ugonjwa, nao unarithiwa. Unaua ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho, ile inayopokea mwanga. Unaanza kwa kukunyima kuona gizani, halafu unakula pembeni taratibu, mpaka unabaki kuchungulia dunia kama uko ndani ya bomba. Mimi sasa nikishona kola, mikono ya shati hilohilo siioni. Nakaa chumbani mwangu naona kuta zinanisogelea, na mlango siujui uliko mpaka nipapase.

Nikauliza kama kuna dawa. Akasema kwa kasoro kama yetu ipo, inadungwa ndani ya jicho, chini ya ngozi hiyo. Lakini haifufui kilichokufa, inalinda kilicho hai tu. Kwangu kimebaki kidogo mno. Nililia palepale kitini, sikujificha. Ndipo akaniuliza kama nina ndugu.

Ndiyo maana nilikuita siku ile ya chai. Shemeji yako aliweka kikombe cha sukari pembeni ya meza, mimi napapasa huku, wewe kule, mikono yetu ikakutana kwenye sukari. Alicheka mpaka machozi, akasema kuku wawili wanagombea punje moja. Mimi sikucheka. Alipotoka ukaniambia ukweli, kwamba pembeni ya barabara huoni, unageuza shingo kama feni. Nikakueleza habari ya dawa. Ukasema ukipimwa tu leseni imekwenda, na wewe huna kazi nyingine unayoijua. Ukaniapisha, ukasema nikifungua mdomo nitakuwa nimewanyang'anya wanao chakula.

Nikanyamaza. Mdogo wangu, kunyamaza kule kulinibana kuliko haya macho. Wifi akanipigia simu kujisifu kwamba mumewe siku hizi katulia, giza halimkuti nje. Nikamwambia hongera, huku natamani ardhi inimeze. Kila asubuhi basi lako la shule likipita dirishani nasikia watoto wanaimba, naacha kushona mpaka sauti zao zipotee. Nikisema, nakuvunjia nyumba. Nisiposema, watoto wa watu wako hatarini, na dawa itakupita kama ilivyonipita. Sina pa kugeukia.

Juzi mama mmoja kaniletea sare ya bintiye niipunguze. Akasema mtoto hakubali kukaa popote ila kiti cha mbele, nyuma ya dereva, kwa sababu dereva ni mcheshi. Nilishika ile sketi, mkasi ukanishinda.

Jana nilikwenda kwa mwenye basi nikamweleza yote. Barua hii nampa yeye, akukabidhi akishachukua funguo. Sasa unajua ni nani aliyesema. Ni mimi, na sikuombi msamaha leo. Mficha maradhi kilio humfichua, na sikutaka kilio hicho kitoke ndani ya lile basi.

Daktari anakungoja Jumatatu. Anasema kwako huenda bado kuna cha kulinda. Nitukane upendavyo, usikanyage kwangu, lakini nenda. Bora unichukie maisha yako yote huku uso wangu unauona.

Wabusu watoto. Mweleze wifi mwenyewe, asiisikie njiani. Na ukienda hospitali nenda asubuhi, jua likiwa kali.

Ni mimi dada yako,
Kuku Mkubwa