Jaketi la Wendell

Joelle, usinipigie, sina sauti. Soma tu.

Wiki ya mwisho kabla hawajafunga mlima wa kuteleza kwa ski, tuko watatu tu: mimi, Kirsten na Wendell. Jua kali, theluji imekuwa uji. Nikasema turudi. Wendell akanicheka, "Tangulieni, bibi, nakojoa nakuja."

Tumefika chini, theluji ya mteremko wote nyuma yetu ikaporomoka. Wendell haonekani.

Kifaa changu, kile cha kumtafutia aliyefukiwa, kikanasa mlio wa kifaa chake, chini ya theluji. Tukachimba, Kirsten analia, "Nakuja Wendell, nakuja." Nikaona mkono wa jaketi lake. Nikauvuta.

Mtupu. Joelle, ulikuwa mtupu.

Mara sauti nyuma yetu, "Jamani, niko huku." Wendell huyo, kifua wazi, anashuka kwa miguu. Joto lilimzidi, akalitundika jaketi kwenye ski zake akaingia mitini. Na kifaa kimo mfukoni mwa jaketi! Mfukoni, Joelle, wakati kila mwaka tunaambiwa kikae mwilini.

Kirsten akamzaba kofi. Yeye anacheka, "Si jaketi mmelipata?"

Nikamwonyesha saa. Tulichimba dakika ishirini na nane, na aliyefukiwa hupewa kumi na tano tu kabla hajaishiwa pumzi.

Hapo ndipo akakaa chini.